Arifa Kwenye Rafu ya Saluni

Msusi aliolewa na mwana pekee wa mwenye saluni. Mumewe alipopata kazi ya mbali, yeye akabaki na mama mkwe: viti vya kusukia mbele, vyumba vya kulala nyuma, ukuta mmoja katikati. Mama hakuwa mkorofi. Alimpenda mno, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana hakumwachia hata nafasi ya kupumua. Simu ya msusi ikiwaka tu kwenye rafu, macho ya kwanza kufika yalikuwa ya mama.

Kwa siri, msusi aliomba nafasi katika chuo cha wauguzi. Majibu yangekuja kwenye programu ya chuo, humo humo simuni. Arifa ya kwanza ilipojitokeza, "Ombi lako limepokelewa," aliidaka simu kwa mikono iliyojaa mafuta ya nywele, roho juu.

Akakimbilia kwa fundi simu wa jirani.

"Nataka arifa zije, ila zisisomeke mpaka nifungue mwenyewe."

"Rahisi hiyo, dada. Itaonyesha kuna ujumbe, maneno yatafichwa."

Kumbe alijichongea. Kesho yake skrini ikaandika: "Ujumbe umefichwa." Mama akaiinua simu mbele ya wateja.

"Mwanangu, tangu lini tunafichana humu ndani? Ni mwanamume?"

Wateja wakaguna. Msusi akacheka kicheko cha kulazimisha, akarudisha mipangilio ya zamani palepale, mama akichungulia begani. Baadaye, bafuni, akazima kabisa arifa za programu ile. Ikawa bubu. Sasa ilimbidi aifungue mwenyewe kwa kujificha, na kila alipojifungia bafuni mama aligonga mlango: "Tumbo bado linakusumbua? Nikuchemshie maji?"

Kisha wateja wakamiminika, hata bafuni pakawa hapaendeki. Alipopata upenyo wa kuchungulia, alikuta ujumbe: siku ya usaili wa chuo ilikuwa imewahishwa, na imeshapita. Ujumbe ulikaa humo kimya, kama alivyouamuru. Alifungulia bomba ili asisikike akilia.

Aliandika chuoni kuomba radhi, wakakubali kumpangia siku nyingine. Safari hii akapiga moyo konde: akawasha kila kitu, sauti na maneno, akailaza simu kwenye rafu, uso juu.

Ilipolia, mama akasoma kwa sauti: "Unaitwa kwenye usaili Jumatatu asubuhi."

"Usaili wa nini?"

"Uuguzi, mama. Nataka kusoma."

Mama akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu.

"Mwanangu kaenda, nawe uende? Mnaniacha na nani?"

Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akaendelea kusuka.

Jumatatu alikwenda, na mama akaenda naye. Alikaa nje ya mlango wa usaili, mkoba mapajani, akiuliza kila anayetoka kama mkwe wake bado yumo.

Nafasi alipata. Siku hiyohiyo mama akaanza kuulizia chumba cha kupanga karibu na chuo, kikubwa, kinachoingia vitanda viwili.