Mwenyekiti wa Wageni

Safari hii ilianza na ugomvi. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia pendekezo la utafiti kwa mara nyingine, eti maneno ni mengi na chati ya uongozi hakuna. Ninasomea shahada ya uzamili katika nadharia na mienendo ya taasisi, yaani tunachunguza watu wakiwa pamoja kazini huamuaje mambo, na nani humsikiliza nani. "Nenda Mtwara," akaniambia bila kuniangalia. "Kuna kikundi cha akina mama wa mwani, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Mwenyekiti wao ni kiongozi wa mfano. Mpime kwa dodoso langu, urudi uandike." Makala iliyompatia msimamizi wangu jina ilimhusu mwenyekiti huyohuyo. Nilikuwa na mahali pangu nilipotaka kwenda, lakini sahihi ya kuhitimu anayo yeye, na mwenye nguvu mpishe. Nilifunga begi nimenuna.

Mbagala, alfajiri, basi likaondoka. Tulipofika Somanga, abiria wenzangu walishuka kununua samaki wa kukaanga, mimi nikabaki kitini na dodoso, nikilisoma kwa kisirani. "Kiongozi wako hukushirikisha kwa kiwango gani? Zungushia namba, moja mpaka tano." Yalikuwa maswali ya namna hiyo kurasa kwa kurasa. Tulipoipita Lindi, mikorosho ikatanda pande zote za barabara.

Mtwara tuliingia jioni. Nilifikia Magomeni kwa mama mdogo, muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka Njombe. Aliniandalia ugali na kisamvu, akaniuliza nimefuata nini. Nilipomweleza akaguna.

"Watafiti wanapita hapa kama kumbikumbi," akasema. "Wanauliza, wanashukuru, wanaondoka. Wewe utaandika nini ambacho wenzako hawajaandika?"

Nikamwambia ugali ni mtamu.

Asubuhi nilichukua bodaboda. Kabla sijamtajia dereva ninakokwenda, alinitazama begi la mgongoni, akauliza, "Kwa Bi Somoe?" Nikashangaa amejuaje. "Wenye mabegi hayo wote wanakwenda kwa Bi Somoe." Lami ikaisha, ukaja mchanga, na mara mbili nilishuka kusukuma pikipiki nikimlaani msimamizi wangu kwa jina lake kamili.

Bi Somoe, mwenyekiti niliyetumwa kumpima, ni mama mnene mwenye sauti nzuri na miguu inayomsumbua. Alishaweka viti viwili vya plastiki barazani, chai na mihogo ya kuchemsha. Nilianza kumsomea dodoso, na nikaona jambo lililonikera: alikuwa akijibu kabla sijamaliza swali.

"Hilo la kushirikisha wenzangu? Weka tano, mwanangu. Na linalofuata, la kutatua migogoro, weka nne. Tano tupu haipendezi."

Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza, na nilijua kwamba sijajua kitu.

Kesho yake, maji yalipokupwa, nilikwenda ufukweni kumwona akiongoza. Hakuwepo. Wanawake wenyewe walikuwa wameketi bandani, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba ndefu. Mmoja wao, Fatu, alinisogezea mkeka, akanipa ncha ya kamba nishike. Mazungumzo yalikuwa juu ya kuhamisha mashamba kwenye maji marefu, kwa sababu maji ya karibu yamekuwa ya moto na mwani unaoza. Mama mmoja alilitamka jambo hilo, kazi ikaendelea. Mara bibi aliyekaa pembeni akaweka kamba yake chini. Hakusema neno. Mtani wake akamchokoza, "Bibi, au umeogopa papa?" Wakacheka, naye akacheka, akaeleza: wasiojua kuogelea watafanyaje huko? Wakajadiliana hadi wakaafikiana kwamba hao wabaki kwenye kufunga na kuanika, na mavuno yagawanywe vilevile. Bibi akaiokota kamba yake.

"Imekwisha," Fatu akaniambia. "Mkono mmoja ukisimama, jambo limesimama. Mikono yote ikifunga, limepita."

"Na mwenyekiti atasemaje?"

Waliangua kicheko. Fatu alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Bi Somoe? Yule ni mwenyekiti wa wageni! Kila mradi ukija unataka mwenyekiti, usipomwona unafunga begi. Tukamchagua yeye, anaongea vizuri, na maji ya chumvi hayawezi."

Nilirudi barazani kwa Bi Somoe nimefura. "Mama, umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Umeniuliza uongozi wangu ukoje. Hukuniuliza kama naongoza." Akanimiminia chai. "Mwenzako nilimwambia. Yule profesa wako. Siku anaaga nilimwambia wazi, baba, wenye kuamua ni wale wa bandani. Akacheka, akasema, mama, hilo tuliache."

Chai ilinishinda. Hasira niliyokuwa nayo juu ya yule mama ilihama yote, ikamfuata mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam. Alikuwa anajua. Alinituma kilomita zote zile nikaokote uongo wake mara ya pili, ili uonekane umethibitishwa na mtu mwingine.

Njia nzima ya kurudi sikulala. Dar es Salaam nilipitiliza hadi ofisini kwake, na vumbi langu. Nilimweleza habari za bandani, naye akainuka akafunga mlango.

"Kikundi kisicho na kiongozi si taasisi," akasema. "Ni kijiwe."

"Ulijua, Profesa?"

"Majibu ya dodoso unayo. Yachakate. Au hutaki kuhitimu?"

Sikuyachakata. Niliandika nilichokiona: kwamba wanawake wale wamepata njia ya mtu mmoja kupinga wenzake wote bila kugombana nao, na kwamba sisi tunaojiita wataalamu tumekuwa tukihoji mlango na kuandika habari za nyumba. Tasnifu hiyo alinirudishia bila kutia sahihi, na wenzangu wameshavaa majoho. Mama yangu aliyenunua kitenge cha sherehe ananipigia simu kuuliza ni lini, nami namjibu kwa ukali asioustahili.

Nilichojifunza Mtwara ni kwamba uongo ukishapewa cheo hauna haja ya kujitetea, unasubiri tu wewe uchoke. Sijachoka. Tasnifu nimeipeleka tena mezani kwake, haina hata namba moja ya dodoso, na nimemwomba jambo moja tu: akiikataa, aandike sababu na kuweka sahihi yake chini. Mpaka leo hajaandika.