Utosi wa Yunusu

Bi Mwanaupe wa mtaa wa Mukendo hakumwamini mtu. Enzi za foleni, sukari ya duka la kaya aliimwaga kwenye ungo kwanza aone kama haikuchanganywa na chumvi, na sabuni aliinusa pande zote. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa khanga na mafuta, watu walishangilia. Yeye akanuna. "Vilikuwaga wapi vyote hivi? Nani alivificha?"

Kwa hiyo kichwa cha mjukuu wake Yunusu kilipoanza kukua kupita mwili, mtuhumiwa hakuchelewa kupatikana: Selestina, jirani muuza dagaa, aliyemsifia mtoto unono bila kusema mashallah. Selestina akapigwa marufuku uani. Kichwa hakikujali marufuku. Utosi ukatuna, mishipa ikajitokeza kwenye paji, macho yakawa yanaelekea chini tu. Mwanaharusi, mama wa mtoto, akachoka na hirizi, akambeba mwanawe hospitali. Bibi akafuata nyuma, kuwalinda.

"Watu wananyonywaga damu humo," alimnong'oneza binti yake.

Sista Marcelina alikizungushia kichwa utepe wa kupimia, akawaeleza taratibu. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vijumba vinavyotengeneza majimaji bila kukoma. Majimaji hayo hupita njia nyembamba, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye damu. Kwa Yunusu njia imeziba. Maji yanatengenezwa, pa kutokea hayana, kichwa kinapanuka. Lazima aende Mwanza akawekewe mpira mwembamba chini ya ngozi, uyashushe maji mpaka tumboni.

"Na huko tumboni nani anayakinga?" Bi Mwanaupe akauliza.

"Hakuna anayekinga, bibi. Mwili unayanyonya wenyewe."

"Ehe! Mnatuona wajinga."

Mwanaharusi alielewa. Alikwenda Bunda na marobota yake ya mitumba kutafuta nauli, akamwachia mama yake mtoto. Maziwa na uji kama kawaida, alisisitiza.

Bibi akabaki anawaza. Kichwa kimejaa maji, sawa. Na maji humwingia mtu kupitia wapi, kama si mdomoni? Sasa kwa nini wamtoboe mtoto, kama si kwamba wana lao jambo? Basi akamnyima. Maziwa hapana, uji hapana, ila kiazi kikavu cha kumung'unya na kitambaa chenye unyevu midomoni. Yunusu alilia, na bibi akalia naye, maana alimpenda jamani, alimpenda kuliko roho yake. "Vumilia, mume wangu," alimbembeleza. "Wasikukate."

Na utosi ukashuka! Bi Mwanaupe aliupapasa, akaupapasa tena, akapiga kigelegele peke yake chumbani. Nepi zilikuwa kavu, naye akaona ni heri. Mtoto alipokuwa analia bila machozi, akaona maji yanakwisha. Alipoacha kulia kabisa, akashukuru kwamba amepoa.

Mwanaharusi aliporudi na nauli yake, alimnyanyua mwanawe, na shingo ikaanguka mkononi mwake. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka.

"Mama, umempa nini?"

"Sijampa kitu! Wallahi, hata tone!" Alilisema kwa fahari, masikini.

Walikimbia. Sista Marcelina alihangaika kutafuta mshipa mpaka dripu ikaingia. Kisha akamgeukia bibi. "Maji ya kichwani hayatoki kwenye kikombe, bibi. Mwili unayatoa kwenye damu yake. Umemkausha mtoto, na njia bado imeziba. Angekufa mikononi mwako."

Bi Mwanaupe alikaa pembeni mwa kitanda akiutazama utosi ukituna tena kadiri mtoto alivyopata nguvu, na safari hii aliona aibu mpaka akajifunika ushungi usoni.

Daktari aliporuhusu safari, Bi Mwanaupe alikuja stendi na kifurushi chake cha nguo. Mwanaharusi alikuwa anahangaika na mizigo mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Bibi akanyoosha mikono ampokee. Binti akageuza bega.

"Wewe unabaki, mama."

"Nibaki? Na nani atakushikia mtoto, hata ukienda msalani?"

"Nitaingia naye."

Akapanda gari na mwanawe kifuani. Bi Mwanaupe alisimama pale, mikono yake bado ameinyoosha.