Samaki wa Mkamwana Wangu

Mimi Gaudiosa, ambaye mtaa mzima hapa Mbinga unaniita Mama Raimundi, niliwaonea wivu samaki. Si samaki wa kula, samaki wa kutazama. Anayetaka kucheka acheke amalize, kisha anisikilize.

Mwanangu wa pekee, Raimundi, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Zilikuwa zama za ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kumiminika na maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Huko Ziwa Nyasa alikokuwa akipeleka bidhaa akamwona binti wa kijiji cha Lipingo, Shukrani, akamwoa. Sikukataa. Binti ana adabu zake, shikamoo haimpiti. Lakini Mbinga ilimshinda. Baridi ilimtafuna, milima ilimziba macho, kila jioni anakaa mlangoni, amejikunja ndani ya kitenge. Ndipo Raimundi alipomletea sanduku kubwa la kioo kutoka Songea, akapanga mawe ndani, akajaza maji ya ziwa, akatia wale samaki wadogo wa kwenye miamba ambao wenyewe huko huwaita mbuna. Wa buluu, wa njano, wa mistari. Binti akatulia.

Alitulia yeye, nikawaka mimi. Kila safari lori likirudi linashusha madumu ya maji. Mbinga hii yenye mto kila bonde, mwanangu anabeba maji kutoka Mbamba Bay, eti ya milimani samaki hawayawezi! Mimi niliyemzaa nikimwagiza dagaa, anasahau. Nikilalamika ananicheka, ananiambia ukipenda boga penda na ua lake. Boga lenyewe nilikuwa bado sijalipenda sawasawa. Na wageni ndio usiseme. Hata katekista alikuja kunijulia hali nikiwa mgonjwa, akaniuliza naendeleaje huku ameinamia kioo. Nilimjibu kwamba nimekufa jana. Akasema tumshukuru Mungu.

Shukrani alipokaribia kujifungua akaenda kwao, maana mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake binti. Ni desturi, hata mimi niliifuata, lakini safari hii iliniuma. Yule mama wa Lipingo atamwogesha mjukuu wangu, atambembeleza kwa Kinyasa, atamzoea kabla yangu. Mimi nimeachiwa nini? Samaki.

Nilimwambia Raimundi wazi kwamba siwezi kazi hiyo. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu.

"Mama, hawa wakifa, Shukrani harudi huku. Na asiporudi, mimi nitamfuata."

Alisema kwa upole, wala hakunitisha. Angenifokea ningemfokea pia. Nilibaki nimeshika sufuria, naelewa kwamba mwanangu na mjukuu nisiyemwona bado wote wako mle ndani ya maji.

Basi nikawa mtumwa wa samaki. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbinga mnaijua. Asubuhi nachemsha maji, najaza kwenye chupa, nafunga vizuri, naiacha chupa ielee humo ndani ili wapate joto. Mashine ya hewa ilitegemea umeme, na umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nachota maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu, nachota na kumimina, mpaka bega linakufa ganzi. Natwanga dagaa wawe unga, nawapa kidogo tu, maana ukizidisha maji yanaoza. Kahawa imeiva shambani, jirani zangu wanachuma, mimi nafuta kioo. Agripina wa jirani akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa. Nikamwambia ndiyo, na bosi wangu hana miguu.

Halafu mmoja akagoma. Jike la buluu, kipenzi cha Shukrani. Akavimbisha mdomo, akajibanza nyuma ya jiwe, chakula hataki. Nikajua huyu amenuna. Anamtaka mwenyewe, mkono wangu haumfai. Nilimsema siku hiyo, nikamsema na kesho yake, kwamba hata wewe, kidudu kisichofika kiganja, unachagua wa kukulisha? Lakini hofu ilinishika. Alikuwa anakonda huku mdomo unazidi kufura. Nikamtwangia dagaa laini zaidi, nikamkatia mchicha, nikambembeleza kama mtoto mwenye homa. Alinigeuzia mkia.

Asubuhi moja namimina maji, nikaona vitu vidogo vinamzunguka yule jike, vyenye macho. Nikasogeza mkono. Alifungua mdomo, vyote vikaingia. Nikautoa mkono, vikatoka. Maskini, kumbe hakununa! Alikuwa amewabeba watoto wake mdomoni, na kwa ajili yao amekaa na njaa muda wote ule. Niliketi sakafuni nikalia, nikajifuta, nikacheka peke yangu. Wale samaki wengine walianza kuwawinda wadogo, basi nikawahamishia mama na wanawe kwenye beseni kubwa karibu na jiko. Walinizoea. Nikiweka kidole majini, wanakuja wote kukidonoa.

Shukrani alirudi kahawa zikiwa zimekwisha kuanikwa. Lori halijasimama vizuri, ameshashuka. Shikamoo yake ilikuwa ya mbio. Akanipa mtoto mikononi, akakimbilia kioo, akawahesabu kwa macho, wote wazima. Nikamwonyesha beseni. Akapiga magoti, akaziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka. Raimundi aliyekuwa amesimama mlangoni alimtazama mkewe, akaanza kushusha mizigo yote, hata kitanda cha mtoto. Nikajua hawaendi kokote.

Ningefurahi. Lakini Shukrani aliingiza kidole kwenye beseni, na wale wadogo wakakiendea, wote, bila kusita, wakakidonoa. Niliwalea mimi! Moyo uliniwaka. Nikasogea, nikainama nione kama yupo hata mmoja aliyebaki pembeni akinisubiri.

"Mama," Raimundi akaniita, "unaonaje, anafanana na nani?"

Nikamuuliza nani. Kisha nikahisi uzito kifuani. Mjukuu niliyemlilia miezi yote ile nilikuwa nimempakata, na uso wake nilikuwa sijautazama.