Dereva wa Gari la Mikate

Mtaani walimwita Fundi Vigari, na jina hilo lilikuwa limemkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa fundi wa bodi aliyestaafu, mtu mrefu, mkimya, vidole vyake vimejaa makovu ya kukatwa na bati. Tangu aache kazi ya gereji, alishinda barazani kwake akitengeneza magari madogo: malori, teksi, matrekta, mengine hayazidi sanduku la viatu. Ukithubutu kuyaita midoli, hakukujibu tena siku nzima.

Hakununua kitu dukani. Bodi alizikata kwenye makopo ya maziwa na madebe ya biskuti. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli, matairi yalikuwa soli za ndala zilizokwisha, alizozichonga kwa wembe mpaka kashata za tairi, yale meno yake, zikaonekana. Springi alizitoa kwenye kalamu, bawaba za milango kwenye miwani iliyovunjika. Rafiki yake, fundi saa mwenye kibanda pembeni ya soko, alimwekea vioo na vigurudumu vya saa zilizokata roho.

Vingine vilitoka jikoni bila ruhusa.

"Chujio langu la chai liko wapi?" mkewe alikuwa akipaza sauti.

"Angalia mbele ya lori jekundu."

Mke hutoka, huinama, na kweli hulikuta chujio lake limekuwa shoo ya lori, ule wavu wa mbele. "Mimi nikifa," husema, "huyu bwana atanifanya bampa." Kisha hucheka kile kicheko chake cha kusikika nyumba ya tatu, na majirani nao hucheka bila kujua kilichochekesha.

Kusahau kwa mke kulianza kwa mzaha hivyo hivyo. Chumvi ilitiwa kwenye chai, watu wakacheka. Sufuria ya maharage ikaungua mpaka ikatoboka, wakacheka kidogo. Alipomwita binti yao kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani, hakuna aliyecheka. Binti huyo alikuwa fundi cherehani aliyeishi mtaa wa pili. Tangu siku ile akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua kazi yake.

Halafu ikafika asubuhi ambayo Fundi Vigari aliingia chumbani na kikombe cha chai, akamkuta mkewe ameketi kitandani, amejivutia shuka mpaka kifuani. Alimtazama mumewe kwa adabu, kama msichana anayemtazama mgeni wa baba yake.

"Shikamoo," akamwamkia.

Miaka yote ya ndoa yao mwanamke yule alimwita "wewe", alimwita "bwana wee", akikasirika alimwita "huyu". Hakuwahi kumwamkia hivyo hata siku moja. Fundi Vigari alisimama na kikombe chake. Amkio halikuwa na jibu lingine.

"Marahaba," akasema, akaweka chai mezani, akatoka nje.

Daktari hakuwaficha. Ugonjwa ule, aliwaambia, haurudi nyuma. Watakachoweza ni kumtuliza tu, wamwonyeshe vitu alivyovipenda, pengine moyo wake utapata pa kushika. Binti akaleta picha za familia. Mama yake alizitazama moja moja, akazisifia nguo, akazirudisha. "Harusi nzuri," alisema, akiwa ameshika picha ya harusi yake mwenyewe. "Ni ya nani?"

Hapo ndipo Fundi Vigari alipolikumbuka gari la mikate.

Ujanani, kabla ya kushika nyundo ya gereji, alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate. Aliendesha gari dogo la buluu iliyopauka, na pembeni yake aliketi msichana wa kusambaza, aliyeruka chini kila duka na kreti begani, akapanda tena akiwa na stori mpya. Kabla ya mwaka kuisha dereva na msichana walikuwa hawaagani tena jioni bila kusuasua. Wakaoana. Kiwanda baadaye kilifungwa, gari likaishia kwenye uwanja wa vyuma chakavu, likakatwa. Hakuna aliyelipiga picha.

Akaanza kulijenga kwa kumbukumbu tu. Alikata debe la biskuti, akakunja pua fupi ya gari, akalehemu mabati kwa subira mpaka maungio yakapotea chini ya kidole. Usukani ulikuwa pete ya pazia. Viti alivifunika ngozi bandia kutoka kwenye pochi kuukuu. Buluu ndiyo iliyomtesa: aliichanganya na nyeupe, akaikataa, akaongeza tone la nyeusi, akaikataa tena, mpaka siku moja akaipaka kwenye kipande cha bati na mwili ukamsisimka. Ilikuwa yenyewe.

"Hili nalo la mteja gani?" fundi saa alimuuliza, alipokwenda kutafuta vioo vya taa.

"La mke wangu."

Fundi saa aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. Alifungua droo, akamchagulia vioo viwili vinavyofanana.

Mkewe alipowekewa gari mapajani, aliligeuza huku na huku. Alilipapasa paa. Akafungua mlango wa nyuma kwa ukucha, akachungulia ndani, akaingiza pua.

"Mikate mmeshashusha?" akauliza.

Binti, aliyekuwa anakunja nguo, aliziachia zikaanguka. Baba yake aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Unalijua gari hili?"

"Nitaacha kulijua? Nalipanda kila siku!" Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ya kupigia kelele jikoni. "Dereva wake mmoja mrefu hivi, hana maneno. Anaendesha kama amebeba mayai." Akashusha sauti. "Ananipenda, yule. Ila mwoga. Hasemi."

"Ni mimi," Fundi Vigari akasema. Hakuweza kuvumilia. "Mke wangu, ndiye mimi dereva."

Mkewe alimtazama mvi, akamtazama mikunjo ya shingo, uso ukambadilika. "Mzee mzima, huoni haya?" akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Niko peke yangu humu, unaniambia maneno kama hayo?"

Fundi Vigari alitoka, akaenda kuketi barazani. Binti akamfuata. "Baba, usimlazimishe." Hakumlazimisha tena. Kesho yake aliporudi chumbani alijitambulisha kuwa ni fundi aliyelitengeneza gari, na mkewe akampokea vizuri, maana hakukumbuka kitu cha jana.

Kuanzia hapo wakawa na kazi ya pamoja. Mke aliagiza, fundi akatekeleza. Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa, sio kizima hivi. Fundi akakipasua. Kiti cha msambazaji kilikuwa na mto mdogo, maana springi ilikuwa inachoma. Fundi akaweka mto. Na mlango wa upande wake, alisema, ulifungwa kwa nje kwa kamba ya kitambaa.

"Kitasa kilikuwa kibovu," akasema Fundi Vigari. Alikikumbuka vizuri, alikitengeneza mara nyingi na kila mara kililegea tena, mpaka akamtukana aliyekiunda.

Mkewe akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka kichinichini. "Kibovu wapi! Nilikuwa nakilegeza mimi. Nilikuwa na bisibisi kwenye mkoba. Kisipofunguka kwa ndani, dereva lazima ashuke, azunguke, aje kunifungulia." Akamwonyesha kidole. "Usimwambie, fundi."

"Simwambii."

Alijikaza mpaka akafika barazani. Pale akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na kicheko kikageuka kilio akiwa bado amejishika ubavu. Watoto waliokulia mle ndani, misiba waliyozika pamoja, ugomvi wao wote, na bado mwanamke yule hakuwahi kumtolea siri ile. Sasa amemtolea mgeni.

Lakini furaha hiyo ilikuja na jambo lake. Kadiri gari lilivyokamilika, ndivyo mkewe alivyoanza kumsubiri dereva.

"Mbona hanifuati?" aliuliza. "Wewe fundi hukumwona?"

"Gari limemharibikia njiani," alijibu siku moja, kwa kutaka kumtuliza tu. "Atakuja."

Laiti angejua. Mke akaamka mapema, akataka gauni lake zuri, akaketi dirishani. Chakula akakisukuma: atakula dereva akija. Kesho yake hivyo hivyo. Mashavu yakaingia ndani, mikono ikawa vijiti. Binti alimbembeleza kwa uji, kijiko kwa kijiko, na mama akafumba mdomo kama mtoto.

"Baba, ona ulichomfanyia," binti akasema jikoni, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ulimwahidi mtu. Sasa mlete."

Akajaribu kumleta. Kwenye begi chini ya kitanda cha wageni kulikuwa na koti lake la kazi la wakati ule, la kaki, limetobolewa na nondo. Alinyoa, akapaka nywele rangi ya viatu, akalivaa koti, likagoma kufunga tumboni. Akajiona mjinga. Alipiga moyo konde, akaingia.

Mkewe aligeuka kutoka dirishani. Hakumtazama usoni. Alitazama koti tu.

"Hilo umelitoa wapi?"

Fundi Vigari akashika kola ya koti.

"Ni la kwake. Mfuko huo nimeushona mimi." Alisimama kwa shida, akaushika mfuko, akaugeuza ndani nje, akatazama mishono. Kisha akamtazama binti aliyekuwa mlangoni, akamtazama mzee aliyevaa koti la mtu mwingine, na ikaonekana kitu kinamwingia. "Amekufa. Ndiyo maana mmeniletea koti."

Binti alitikisa kichwa, akimwomba baba yake kwa macho aseme hapana. Na yeye alitaka kusema hapana. Lakini aliona ile mikono iliyokonda iking'ang'ania kaki, akawaza dirisha, akawaza sahani zilizorudi jikoni zimejaa.

"Ndiyo," akasema. "Amefariki."

"Aliteseka?"

"Hapana. Hakuteseka."

"Alisema chochote?"

Akautazama ule mfuko. "Alikutaja wewe. Alisema alikuwa anakuja. Alisema yeye sio mtu wa maneno, lakini alikupenda tangu siku ya kwanza uliporuka chini na kreti."

Mkewe alilia, na kilio kile kilitoka mbali. Alitaka kuanguka, Fundi Vigari akamdaka, wakaketi wote sakafuni. Hakumsukuma. Tangu augue hakuwahi kukubali mzee yule amguse, lakini sasa alikuwa mfiwa, na huyu ndiye aliyemletea habari, na mfiwa hushika mkono wowote ulio karibu. Akamlilia mumewe begani kwa mumewe. Na yeye naye akalia, bila kujua vizuri analilia nini.

"Baba, umejizika mwenyewe," binti alimwambia baadaye, akimfuta rangi ya viatu kwenye paji la uso.

"Amekula?"

"Amekula. Uji wote."

"Basi."

Msiba ule wa watu wawili ulidumu siku chache. Kisha nao ukasahaulika, pamoja na dereva na kiwanda na safari zote. Gari likabaki kitu cha buluu cha kusukuma juu ya blanketi. Mke alikuwa mtulivu, alikula, aliitikia akiitwa. Baridi ilipoingia kifua kikambana, na asubuhi moja akaondoka, fundi wake akiwa amemshika mkono.

Mazishini Fundi Vigari hakutoa chozi, watu wakaanza kunong'ona. Fundi saa akamsogelea, akamshika kiwiko. "Rafiki yangu, lia. Usiliweke ndani."

"Nilishalia naye," akamjibu. "Tulilia pamoja, mimi na yeye." Fundi saa hakuelewa, naye hakumfafanulia.

Ilipita miezi kabla ya kushika mkasi wa bati tena. Alianza na teksi aliyokuwa ameiacha bila milango, na kazi haikwenda; mara nyingi binti alipita na kumkuta ameshika kipande cha bati, chai yake imepoa, macho yako barabarani. Lakini alikuwa anaketi pale, na hilo binti aliliona ni afadhali.

Gari la mikate aliliweka juu ya kabati, upande wa kitanda aliolala mkewe. Mteja mmoja aliyeingia hadi chumbani kumsalimia aliliona, akalishusha, akalisifia kweli kweli, akauliza kama linauzwa.

Fundi Vigari alilichukua mikononi mwake taratibu, akalirudisha juu ya kabati.

"Hapana," akasema. "Lile lina mwenyewe."