Keki ya Kumuaga Noelene

Nesi Noelene Pascoe alirudi kazini na mguu wa bandia, na wazee wa nyumba moja ya kutunzia wagonjwa mjini Burnie wakaupenda. Mmoja aliugonga kila asubuhi akiuliza kama kuna mtu ndani. Aliyenuna ni meneja, Trevor. Eti mguu ule unawatia hofu jamaa za wagonjwa. Mtu mzima na akili zake!

Ijumaa moja Noelene aliingia chumba cha chai akakuta keki, juu yake jina lake na neno la kwaheri. Hakuwa ameaga mtu. Trevor akamkabidhi kisu, akamshukuru mbele ya wenzake kwa uamuzi wake wa kwenda kupumzika. Noelene akakata. Kwao ukiwekewa keki unakata, maana kuna mtu kajisumbua kuipika, na huyo alikuwa Bev, mpishi, shoga yake wa siku nyingi.

Alipoishtaki nyumba ile kwa kumfukuza, keki ile ile ikamgeuka. Mahakamani, wakili wa nyumba akainua picha iliyopigwa siku ile.

"Mama, mtu aliyefukuzwa anakata keki huku anacheka?"

"Nilikuwa najizuia nisilie. Ulitaka niirushe ukutani?"

"Na ukala?"

"Vipande viwili. Bev anajua kupika."

Watu wakaangua kicheko, na Noelene akajuta kuwachekesha. Jaji akiamini kwamba aliacha mwenyewe, kesi imekwisha, na kazi pia.

Akaitwa Bev. Bado alikuwa akipika kwa Trevor, na Trevor alikaa mbele akimkazia macho.

"Nani alikuagiza keki?" wakili wa Noelene akauliza.

"Trevor."

"Lini?"

"Wiki nzima kabla. Akaniambia nifunge mdomo, mwenyewe hajaambiwa bado." Kisha akamtazama shoga yake, machozi yakimtoka. "Nilijua, Noelene. Nilijua, na bado nikaipika."

Jaji aliamuru Noelene arudishwe kazini. Alirudi, lakini roho ilikuwa bado inamuuma, na si kwa sababu ya Trevor. Saa ya chai Bev akaleta keki isiyoandikwa kitu, akaiweka mezani, akasimama na kisu asijue ampe nani.

Noelene akavuta kiti, akakaa.

"Kata wewe," akasema. "Mimi ile ya kwanza bado haijashuka."