Harufu Isiyokuwemo Kitabuni

Mimi sikujaliwa kunyamaza. Mama alisema mdomo wangu utanitia matatani, na nilipokuwa kidato cha pili, miaka ile ya ujamaa, nusura uniharibie kila kitu.

Mwisho wa mwaka ule mwalimu wa kemia alikuwa ateue watakaoingia mchepuo wa sayansi. Wasichana tulikuwa watano tu darasani, na hakuna msichana aliyewahi kuteuliwa. Nilitoka kijijini kwetu Nyarero nikiutaka mchepuo huo kuliko chakula.

Zinki ya maabara ilikuwa karibu kwisha, vimebaki vipande vichache kwenye kichupa. Kwa kuwa tuliimba kujitegemea asubuhi na jioni, mwalimu akatupeleka karakana ya shule, palipokuwa na majembe mabovu, tukayapiga tupa mpaka tukapata unga wa chuma. Huo ndio tulioumwagia asidi ili tupate haidrojeni, kisha tuandike sifa zake. Kitabu kilishazitaja: haina rangi, haina harufu.

Nikapunga mkono juu ya mdomo wa chupa kama tulivyofundishwa, nikavuta hewa kidogo. Lo! Inanuka! Kitunguu saumu kilichoanza kuoza, kabisa. Nikaandika hivyo hivyo.

Kesho yake mwalimu akanisimamisha mbele na daftari langu mkononi.

"Ndugu mwanafunzi, haidrojeni inanuka kitunguu saumu?"

"Ya jana ilinuka, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema nifute sentensi ile, la sivyo nisahau habari ya sayansi, maana mwanasayansi habuni mambo.

Kubuni! Hapo damu ikanichemka. Nyumbani kwetu, kibuyu cha maziwa kikishaoshwa na kufukizwa kwa makaa ya moto, mimi ndiye niliyepewa nikinuse. Nikisema kimetakata, maziwa yanamiminwa. Nikikosea, yanaharibika na nyumba nzima inalala bila maziwa. Tangu nikiwa na miaka sita pua yangu ilikuwa inaaminiwa na watu wazima, leo niambiwe nabuni?

"Sifuti, mwalimu," nikasema. "Nipime."

Nikajua nimejikaanga mwenyewe. Mwalimu alikuwa mvuta sigara wa kutupwa, hata chakula kikiungua jikoni asingesikia harufu, sembuse ya chupa ile. Akasema haya, tutaona.

Akanifunga macho kwa kitambaa. Kwenye chupa moja akatia vile vipande vya zinki vilivyobaki, kwenye nyingine unga wetu wa majembe, akamimina asidi kote. Akawa ananisogezea moja moja, bila kusema ipi ni ipi.

"Hii hainuki," nikasema. "Hii inanuka. Hii ndiyo ile ile, inanuka. Hii hainuki." Akabadilisha, akarudia, akajaribu kunihadaa kwa kuniletea ile ile mara tatu mfululizo. Sikukosea hata mara moja. Nilisikia darasa limeacha kucheka, na nikaanza kufurahi mwenyewe chini ya kitambaa.

Aliponifungua alikuwa ameketi juu ya meza, anajikuna kidevu.

"Kitabu hakijakosea," akasema taratibu. "Haidrojeni yenyewe haina harufu. Lakini chuma chetu si safi. Kina uchafu ndani yake, na uchafu huo ukikutana na asidi unatoa gesi nyingine, kidogo sana, yenye harufu. Hicho ndicho ulichonusa." Kisha akawageukia wengine wote. "Na ninyi mlisimama juu ya chupa zile zile. Mliandika mlichonusa, au mlichosoma?"

Wengine walikuwa wameinusa sawasawa na mimi, nawajua, wakaogopa.

Pale pale akafungua orodha yake ya mchepuo wa sayansi, akaandika jina langu kwa wino. Halafu akanirudishia daftari langu.

"Wasomee sentensi yako. Wote waandike."

Wavulana wakainama juu ya madaftari. Nikaisoma polepole, neno kwa neno, kifua mbele. Mmoja wa nyuma akanung'unika kwamba hajasikia vizuri.

Nikairudia, kwa sauti kubwa zaidi.