Bomba Lililowaita Watu Ndivani

Walinisikia kabla hawajaniona, na aibu yangu yote ilianzia hapo, lakini kwa kuwa mmeniomba niisimulie kwa kirefu (na kwa kuwa baadhi yenu mmekuwa mkiisimulia vibaya, eti nilikimbia, wakati sikukimbia hata hatua moja), acheni niiseme mwenyewe. Uuuuu, mlio mzito, wa chini, ukapanda kutoka bondeni, ukagonga mlima na kurudi. Hivyo ndivyo watu wa Mbaga walivyousikia asubuhi ile wakiwa mashambani na majumbani, na pikipiki yangu ilikuwa bado kona tatu chini, ndani ya ukungu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi pale Same, na sitajifanya mnyenyekevu: hapakuwa na injini iliyonishinda. Mzungu mmoja mpimaji wa ardhi, aliporudi kwao, aliniachia pikipiki yake ya safari, ile yenye kigari ubavuni, magurudumu matatu kwa jumla, kwa sababu ilikataa kuwaka na yeye alikuwa amechoka kuitukana. Siku mbili tu, ikawaka. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini kesho yake nilikuwa napanda Mbaga kumposa Nakiete, binti wa Mzee Mrindoko, na pikipiki ile ilikuwa na sauti ya paka mwenye mafua, nikasema haiwezekani, mimi nifike ukweni watu wadhani mlangoni kuna paka? Nikalikata bomba la moshi, nikang'oa vyuma vya ndani vinavyoumeza mlio, nikaunga mwishoni kipande cha bomba la shaba nilichokipanua mdomo kama ua la boga. Nikaiwasha. Mabati ya banda yakatetemeka, nami nikacheka peke yangu kwa furaha.

"Mwanangu, inaumwa?" akaniuliza Mjomba Zefania, mshenga wangu, alipokuja alfajiri.

"Inaimba, Mjomba."

Akaingia kigarini na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa ya posa, akakishikilia mapajani njia nzima.

Sasa, mimi na Mjomba tulikulia Makanya, tambarare, kwenye vumbi. Ya mlimani tulikuwa tunayajua kwa kuyasikia tu. Kule juu maji ya mashamba hukusanywa katika ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojengwa na mababu, na kila ndiva ina baragumu lake la pembe, na baragumu likilia nje ya siku ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, maana yake ni moja: ukingo umepasuka, shika jembe, kimbia. Nani angeniambia kwamba fundi wa Same anaweza kutengeneza baragumu bila kukusudia, tena kubwa kuliko la kwao?

Kwenye kona ya mwisho, chini kidogo ya ndiva, nikaizima injini ili nifute viatu vumbi. Nilipoinua kichwa, mlima mzima ulikuwa unateremka. Wanaume kwa wanawake, majembe mabegani, wengine na karai, mmoja amenyolewa nusu ya kichwa. Nakiete mwenyewe alikuwemo, kanga kaifunga kiunoni, na mbele yao wote jirani yake, Mama Elinaja, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Wee kijana! Umelisikia baragumu?"

Hapo ndipo pa kusimama, jamani. Nilikwisha elewa. Shaba ilikuwa bado ya moto nyuma yangu, nami ningeweza kusema, mama, ni mimi. Lakini nilikuwa na koti jipya, na Nakiete alikuwa ananitazama.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Nimelisikia. Limelia huko juu."

Mjomba akakikumbatia kibuyu chake na kufumba macho.

Wakapanda mbio, wakarudi na Mzee Mrindoko, ambaye (hili sikuwa nimelifikiria) ndiye msimamizi wa ndiva na mwenye baragumu.

"Ukingo mzima, na baragumu langu liko ukutani," akasema akihema. "Basi ni la ndiva ya chini. Wewe mwenye pikipiki, niwahishe huko!"

"Mzee, nadhani mafuta yameisha."

"Si umefika nayo sasa hivi?"

"Imechoka, Mzee."

"Pikipiki huchoka?"

Watu wakasogea. Mjomba akatolewa kigarini kama mzigo, Mzee akaketi, jembe akalisimamisha katikati ya magoti. Nikakanyaga kidogo, kwa matumaini kwamba haitawaka. Lakini mimi ni fundi hodari. Ikawaka mara ya kwanza.

Uuuuu.

Ilipozimika, aliyenyolewa nusu akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwenye majembe yale yote hadi nikatamani ukungu urudi. Kwa kuwa majembe yalikuwa yameshatoka nyumbani, Mzee aliamua hayatarudi makavu: wakazoa tope la ndiva hadi jioni, nami nikazoa kuliko wote, nikilisomba kwa kigari nilichokisukuma kwa mikono.

Jioni tukaketi ndani kwa Mzee, mimi nimejaa tope hadi kifuani.

"Sisi tumekwisha cheka," akasema Mzee. "Atakayeishi naye si sisi. Sema, Nakiete."

Nakiete hakucheka. "Kelele ningezizoea," akaniambia. "Lakini Mama Elinaja alikuuliza usoni, ukamwonyesha juu. Aliacha uji wa mgonjwa wake motoni, ukaungua. Ndiva ikipasuka kweli, nikakuuliza, nitajuaje?"

Tangu siku ile nimetengeneza mabomba mengi, mengine yenye sauti tamu ajabu, lakini nikiharibu huwa wa kwanza kuinua mkono, hata kabla sijaulizwa, na wateja hunishangaa. Nilianzia pale pale.

"Mama Elinaja," nikasema, nikigeukia kona alikoketi, "baragumu lilikuwa langu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba," akajibu. "Ungesema asubuhi, ungekula leo ukweni."

Mzee akamwambia Mjomba abaki, wamalize kibuyu. Mimi sikuambiwa. Nakiete akanisindikiza hadi kizingitini, akanitakia safari njema kwa sauti ya kawaida kabisa, na nilipokwisha shuka ngazi mbili nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, polepole, na komeo likiingia mahali pake.